Tuzinakili Santuri za Taarabu Wazee Wangali Hai

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, na za Majengo, Malindi na Lamu, limo sanduku ambalo halijafunguliwa kwa muda wa miaka thelathini au zaidi. Liko juu ya kabati, au chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake mna santuri. Wenye nyumba wajua kuwa zimo, lakini hawajui la kuzifanya. Mashine ya kuzipigia iliharibika zamani, sindano zikawa hazipatikani madukani, kisha zikaja kaseti, baada ya kaseti zikaja sidii, na sasa kila mtu ana nyimbo zake ndani ya simu. Siku mwenyewe anapofariki dunia na warithi wakagawana vitu, ndipo sanduku hufunguliwa. Aghalabu siku hiyo ndiyo ya mwisho wake. Wengine huzitupa jaani. Wengine humuuzia mpita njia kwa bei ya kilo moja ya sukari, naye mpita njia akamuuzia mgeni ajuaye thamani yake.

Mimi nasema wazi kwamba santuri hizi zinakiliwe, zitiwe katika kompyuta, na kazi hiyo ifanywe majumbani mwetu na sisi wenyewe. Sisemi zipelekwe Nairobi wala Ulaya, wala sisemi tungoje serikali ijenge nyumba ya kuzihifadhi. Sababu yangu si kwamba kazi ni rahisi, ingawa si ngumu kama watu wadhanivyo. Sababu yangu ni kwamba nusu ya wimbo wa taarabu haimo ndani ya santuri. Imo kichwani mwa mzee aliyeinunua.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa fumbo ni nini. Mtu akiimba juu ya jahazi lililotoboka, au kasuku aliyeruka tunduni, au mnazi ulioangukia kiwanja cha jirani, watu wa mtaa walijua ni nani aliyekusudiwa, na aliyekusudiwa alijua zaidi kuliko wote. Wimbo ulitoka Kibokoni ukajibiwa Kuze, na jibu nalo likajibiwa. Santuri ilichukua sauti na maneno, lakini haikuchukua kisa. Mtu wa mbali akiisikia leo atasema ni wimbo mzuri wa mapenzi. Na hata kijana wetu, mzaliwa wa mtaa ule ule, atasema vivyo hivyo.

Tena tukumbuke jinsi santuri zenyewe zilivyokuwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay kuimba katika sahani za kampuni ya HMV. Mombasa ilikuwa na mtu wake miongoni mwa wanamuziki wa Siti, naye ni Mbaruk Talsam. Zile zilikuwa sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu na kitu. Wimbo ambao katika harusi ungeimbwa robo saa nzima, watu wakitunza na kuomba urudiwe, ulibanwa ukaingia katika dakika hizo tatu. Beti zilizoachwa nje tutazipata wapi, ikiwa si kwa wale waliozisikia zikiimbwa, au waliohadithiwa na wazazi wao?

Mambo yalikuwa vivyo hivyo zilipokuja sahani ndogo za inchi 7 za mizunguko 45. Katika miaka ya 1960 na 1970 Mombasa ilikuwa na nembo yake ya santuri iliyoitwa Mzuri, ya duka la Assanand na Wanawe. Katika nembo hiyo zilitoka sauti za Yaseen Mohamed, Matano Juma, Zuhura Swaleh, Zein l'Abdin na wengineo. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, kimoja upande huu na kingine upande wa pili, na msikilizaji alilazimika kuinuka kuigeuza sahani wakati utamu umeanza kukolea. Nani asiyekumbuka karaha hiyo?

Katika karatasi ya katikati ya sahani utaona jina la wimbo, jina la mwimbaji na kikundi, na nambari. Mara nyingi mno huoni jina la mtunzi. Hili ni jambo kubwa kwetu, maana kwa Mswahili wimbo ni shairi kwanza. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo nyingi za Ustadh Ahmad Nassir, yule mwandishi wa Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin naye aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany na mashairi ya kale ya Lamu. Haya yajulikana kwa kuwa watu wenyewe walikuwa mashuhuri. Lakini ni watunzi wangapi, wake kwa waume, waliompa mwimbaji karatasi yenye beti tano wakarudi zao dukani au jikoni, na majina yao leo yajulikana na wazee wawili watatu tu? Mwenyezi Mungu akiwachukua wazee hao, mtunzi amekufa mara ya pili.

Nimepata kuambiwa, "Kuna haja gani ya taabu yote hiyo, na nyimbo hizo zimejaa katika intaneti?" Ni kweli zimo. Lakini ukizisikiliza utakuta nyingi zimetolewa katika kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, na ya kwanza ilinakiliwa kutoka santuri iliyokwisha kuliwa na sindano. Jina la mwimbaji limekosewa, la mtunzi halipo kabisa, na mahali pa picha pametiwa ua au machweo ya jua. Nimeisikia sauti ya mwanamke, mwimbaji anayejulikana pwani nzima, imekuwa nzito kama ya mwanamume, kwa sababu mashine iliyotumika ilikuwa ikizunguka polepole. Vijana wa siku hizi wakisikia hivyo watadhani ndivyo alivyokuwa.

Ziko pia kazi zilizofanywa kwa uangalifu na watu wa nje, na haki yao tuwape. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake uitwao Zanzibara, ilitoa upya sauti za Mombasa za miaka ya 1965 hadi 1975, tena kwa sauti safi. Wapenzi wengi wa taarabu wamefaidika, na mimi ni mmoja wao. Lakini sidii moja yaingia nyimbo ishirini au pungufu, nazo huchaguliwa zile zitakazompendeza mnunuzi wa Paris. Zile ambazo utamu wake wote umo katika maneno, na lahani yake ni ya kawaida tu, nani atazichagua? Hizo ni zetu, na tusipozinakili sisi hazitanakiliwa.

Hapa najua yupo msomaji atakayeniuliza juu ya dini. Wako waungwana miongoni mwetu wasioona kuwa ala za muziki ni halali, na wako warithi waliovunja santuri za baba yao kwa nia njema, wakichelea kumwongezea mzigo kaburini. Mimi si sheikh, wala ukurasa huu si wa kutolea fatwa. Lakini nawaomba mambo mawili. Kwanza, asivunje mtu kabla hajasoma kilichoandikwa. Katika sanduku moja nililofunguliwa, chini ya nyimbo za Misri na za Bara Hindi, zilikuwamo sahani za Kurani tukufu na za kasida, na mwenye sanduku hakujua kuwa anazo. Pili, asiyetaka kuziweka ampe jamaa au jirani atakayezihifadhi. Maneno yaliyomo ni Kiswahili cha wazee wetu, na mwenye kutaka kuyaandika tu bila kusikiliza ala aweza kuyaandika. Yako maneno ya Kimvita na ya Kiamu katika nyimbo hizo ambayo hutayasikia tena sokoni.

Sasa niseme kazi yenyewe ilivyo.

Jambo la kwanza ni kujua una sahani ya aina gani. Ile ya mizunguko 78 ni nene na nzito, nayo ikianguka huvunjika kama sahani ya wali. Imetengenezwa kwa sheleki, utomvu utolewao na mdudu fulani wa Bara Hindi na nchi jirani, ukachanganywa na unga wa mawe. Sahani hii usiipake spiriti hata kidogo, maana spiriti huiyeyusha. Ile ya 45, na ile kubwa ya 33, ni ya plastiki iitwayo vinili. Hii haivunjiki upesi, lakini hupinda kwa joto. Kuiacha dirishani jua la saa nane likaipiga ni kuifanya bakuli. Zote mbili ziwekwe kwa kusimama kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine.

Kisha zisafishwe. Pwani yetu ina unyevu, na santuri zilizokaa sandukuni huota kuvu jeupe, pamoja na vumbi na mafuta ya vidole. Maji ya kisima ya Mombasa hayafai. Yana chumvi, na yakikauka huacha chembe katika mifereji ya sahani, nawe utasikia kama mtu anakaanga. Nunua yale maji safi yasiyo na chumvi yauzwayo katika vituo vya petroli kwa kuongezea betri za magari, lakini hakikisha si asidi, maana zote mbili watu huziita maji ya betri. Tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, chukua brashi laini, sugua kwa kufuata mzunguko wa mifereji wala si kwa kukata, suuza, ukaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ile karatasi ya katikati usiilowanishe. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha wimbo huo, na wino wake hufutika. Afadhali kabla ya yote uipige picha kwa simu, pande zote mbili, pamoja na nambari zilizochorwa katika sehemu laini karibu na karatasi hiyo.

Sindano ndiyo roho ya kazi. Mifereji ya sahani za 78 ni mipana, nayo yahitaji sindano nene, yapata elfu tatu za inchi kwenye ncha. Ya sahani za 45 na 33 ni myembamba, na sindano yake ni kama theluthi ya hiyo au chini yake. Ukitia nyembamba katika sahani ya 78 itaburuta chini ya mfereji na kuleta kelele tupu. Ukitia nene katika sahani ya vinili utaiharibu. Na jambo moja sitanyamaza. Siku hizi zauzwa mashine ndogo zenye umbo la begi, za kupendeza macho, na bei yake si kubwa. Nyingi katika hizo hazina njia ya kurekebisha uzito wa sindano, nayo hukandamiza sahani kupita kiasi. Kwa sahani unayoweza kuinunua tena kesho, si neno. Kwa sahani ambayo huenda ni ya mwisho iliyobaki duniani, sithubutu. Tafuta mashine ya zamani iliyo nzima, mpe fundi aitie mkanda mpya na sindano mpya, upime uzito wake. Mafundi wazee wa redio wangali wako Mombasa, na kazi hii huifurahia kuliko kutengeneza chaja za simu.

Mashine haiungwi moja kwa moja na kompyuta. Sauti itokayo katika sindano ni hafifu sana, na tena imepindwa. Watengenezaji wa santuri walipunguza sauti nzito na kuzidisha nyembamba ili sahani ichukue dakika nyingi na kelele zipungue, na amplifaya ndiyo izirudishayo mahali pake. Kanuni ya jambo hili, iitwayo RIAA, ilikubaliwa na makampuni mengi tangu mwaka 1954. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na yake, na kwa hiyo sahani za 78 zataka sikio kidogo. Amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa "Phono" hufanya kazi hiyo vizuri. Kutoka hapo sauti hupita katika kisanduku kidogo kinachoigeuza kuwa tarakimu, nacho huungwa na kompyuta kwa waya wa USB. Ndani ya kompyuta tia programu ya kurekodia. Mimi natumia Audacity, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure tangu mwaka 2000.

Kabla hujarekodi, hakikisha mwendo. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani ya 45, tazama saa, uhesabu. Kikipita mara 45 kwa dakika moja, mashine yako ni ya kweli. Kikipita mara 43, basi udi umeshuka na sauti ya mwimbaji imekwisha kuwa ya mtu mwingine. Kisha jaribu mahali pa wimbo penye sauti kubwa kuliko pote, uone kwamba mshale haufiki mwisho. Sauti iliyopita kiasi hukatwa kichwa, na iliyokatwa haiungwi tena. Nafasi ya desibeli sita yatosha.

Sahani nyingi za zamani ni za sauti ya njia moja, lakini rekodi njia zote mbili. Ukuta mmoja wa mfereji mara nyingi umelika kuliko mwingine, na baadaye waweza kuuchagua ule ulio mzima.

Nakala ya kwanza iwe kamili, isiyobanwa, ya aina ya WAV au FLAC. Ile ya MP3 ni ya kusikilizia na ya kumpelekea shangazi simuni, lakini isiwe ndiyo pekee. Watu huogopa kwamba nakala kamili zitajaza kompyuta. Hesabu yake si ya kutisha. Kwa kipimo cha juu kinachotumiwa na hifadhi kubwa za sauti, yaani biti 24 na kilohezi 96, dakika moja huchukua yapata megabaiti 35. Sahani 100 za 45, pande mbili, kwa dakika tatu na nusu kila upande, ni dakika 700, na zote pamoja ni gigabaiti 24 na ushei. Zaenea katika flashi moja ya kutia mfukoni. Muda ndio gharama. Dakika 700 ni karibu saa kumi na mbili za kusikiliza tu, bila ya kuosha, kukausha, kuandika na kunywa kahawa. Hakuna njia ya mkato, na nadhani ni heri.

Zikishanakiliwa, wengi hukimbilia kusafisha kelele. Programu ina kitufe cha kuondoa mikwaruzo, nacho ni kama pilipili, kidogo chafaa. Tatizo ni kwamba mashine haijui taarabu. Tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vibonye kama taipureta, kilichozaliwa Japani na ambacho Zuhura Swaleh na wenziwe walikifanya kuwa cha Mombasa, sauti yake ni ya kuchomachoma. Programu huichukua kuwa ni mikwaruzo, ikaifuta. Nimesikiliza nakala "zilizosafishwa" ambamo tashkota imekuwa kama inapigwa chini ya godoro, na dumbaki imepoteza kidole. Nakala ya kwanza isiguswe kabisa. Anayetaka kusafisha asafishe nakala ya pili. Mafundi wa miaka ijayo watakuwa na vyombo bora kuliko vyetu, na watatushukuru tukiwaachia kelele zote.

Basi hapo fundi wa Ulaya angesema kazi imekwisha. Kwetu sisi ndipo yaanza.

Mwite mzee. Akiwa ni baba, ami, mjomba, bibi au jirani, mwite aje akae kitini, mpe kahawa na kitu cha kutafuna, kisha mpigie wimbo. Usimwulize maswali kwanza. Mwache asikilize. Weka simu karibu, baada ya kumwomba ruhusa, urekodi anayosema. Ataanza kwa kusema, "Huyu mpiga fidla ni fulani, alikuwa fundi wa kushona," na jina hilo halimo katika karatasi ya sahani. Kisha ataongeza ubeti usiokuwamo. Kisha atacheka peke yake mahali ambapo wewe huoni cha kuchekesha, na hapo ndipo umwulize.

Nilipofanya hivi kwa ami yangu, nilimpigia wimbo niliokuwa nikiujua tangu udogo, unaosifu mti wa kivuli. Watu huupiga katika harusi hadi leo. Aliusikiliza hadi mwisho, akaniambia kuwa mti ule ulikuwa nyumba ya urithi, na kivuli ni mwanamke aliyenyimwa fungu lake na nduguze, na kwamba mtunzi ni mwanamke huyo huyo. Ndugu wale walikuwamo ukumbini wimbo ulipoimbwa mara ya kwanza. Walitunza kwa aibu, na baada ya mwezi mmoja wakampa haki yake. Wimbo sitautaja, maana jamaa wa pande zote mbili wangali hai na wanaamkiana vizuri. Lakini nimeiandika habari hiyo nikaiweka pamoja na sauti, na jina la mtunzi limerudi mahali pake. Ami yangu alifariki mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuna kampuni wala hifadhi yoyote ambayo ingeipata habari ile.

Kwa hiyo kila faili lipewe jina kamili. Mwimbaji, kikundi, wimbo, nembo, nambari, upande, na mtunzi ikiwa amejulikana, pamoja na jina la aliyetoa habari. Ikiwa wazee wawili wamehitilafiana, andika kauli zote mbili. Kisha pawe na nakala tatu, na moja isiwe katika nyumba ile ile. Maji ya mvua huingia darini, na flashi hupotea kama ufunguo.

Liko suala la haki. Kunakili santuri yako kwa ajili ya kuihifadhi ni jambo moja, na kuitia sokoni ni jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ilhali rekodi hulindwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Maana yake ni kwamba sahani iliyorekodiwa mwaka 1968 yaweza kuwa muda wake umekwisha, lakini ikiwa mtunzi wa shairi alifariki mwaka 2014, shairi hilo bado ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2064. Watoto wa waimbaji wetu wako mitaani, twaonana nao msikitini na mazikoni. Wengi hawakupata kitu kutokana na kaseti zilizonakiliwa kiholela, na sasa wanaona watu wakichuma kwa matangazo ya intaneti kwa sauti ya mama yao. Anayetaka kutangaza wimbo awaendee kwanza. Haichukui zaidi ya kikombe cha chai.

Nimalizie kwa kaseti, kwa sababu najua nitaulizwa. Kaseti zimo hatarini kuliko santuri, maana utepe huoza na kunata hata usipochezwa, na taarabu nyingi ya Mombasa baada ya miaka ya 1970 imo humo. Duka la Mbwana Radio Service pekee lilitawanya nyingi mno. Njia ya kuzinakili ni ile ile, isipokuwa mashine. Lakini tutenganishe kaseti za dukani na zile za nyumbani. Katika kabati zetu zimo kanda zilizorekodiwa ndani ya nyumba, katika shughuli za wanawake watupu, kesha za harusi na kutia hina, ambamo mama zetu na dada zetu waliimba na kutaniana wakijua kuwa hapana mwanamume asikiaye. Kanda hizo zinakiliwe pia, tena upesi, lakini na wanawake wenyewe, na zisitoke nje ila kwa idhini ya wenye sauti au jamaa zao. Niliwahi kuletewa mbili katika mfuko wa plastiki. Nilimpa mpwa wangu wa kike mashine na waya, nikamwonyesha vitufe, akaingia nazo ndani pamoja na nyanya yake, wakafunga mlango.